Wagombea watatu wa umeya katika mji wetu mdogo wa New Jersey: tuwapime kwa kigezo gani?

Mkazi wa Viungani ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Naishi katika mji mdogo wa viungani, upande wa kaskazini wa New Jersey, na Novemba hii nitapiga kura ya meya kwa mara ya kwanza tangu nilipopata uraia wa Marekani. Nilidhani jambo hili lingekuwa jepesi kuliko kumchagua rais, kwa kuwa wagombea ni majirani ambao mtu anaweza kukutana nao barabarani, lakini kadiri ninavyosoma vipeperushi vinavyoletwa mlangoni ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Wagombea ni watatu. Wa kwanza ni meya aliyepo madarakani, ambaye anaomba kipindi kingine na anajisifu kwamba katika miaka yote ya uongozi wake kodi ya majengo ya mji haijawahi kupanda kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Wa pili ni diwani wa chama pinzani, mama mwenye ufasaha mkubwa, ambaye kauli mbiu yake ni kwamba hakutajengwa hata jengo moja jipya la ghorofa za kupangisha akiingia yeye. Wa tatu ni mgombea huru, mfanyabiashara ambaye hajawahi kushika wadhifa wowote wa umma, naye anaahidi mambo mawili kwa pamoja: kupunguza kodi na kuinua shule zetu.

Nimehudhuria mkutano mmoja wa kila mgombea, na kila nilipotoka nilihisi kwamba huyo ndiye wangu, jambo linaloonyesha kwamba ama wote ni wazuri au mimi ni mtu wa kushawishika upesi. Naomba wenye uzoefu wa siasa za miji hii midogo wanisaidie: je, ahadi kama hizi zinapimwaje, na ni mambo gani ambayo meya anaweza kweli kuyatenda na yapi yako nje ya uwezo wake? Siombi mniambie nimpigie nani.

Karani Mstaafu amejibu:

Ndugu Mkazi, hongera kwa uraia na kwa kura yako ya kwanza. Nilifanya kazi katika ofisi ya karani wa mji kwa miaka kumi na saba, ofisi ambayo ndiyo inayopokea fomu za wagombea wa ngazi hii, na kosa nililoliona mara nyingi kuliko mengine yote ni watu kuwapima wagombea kabla ya kukipima kiti chenyewe.

New Jersey ina manispaa 564, na neno "meya" halina maana moja katika manispaa zote hizo. Upo mfumo wa zamani wa kamati ya mji, ambao mizizi yake ni sheria ya mwaka 1798: wananchi huchagua wajumbe watatu au watano, kila mmoja kwa kipindi cha miaka mitatu, kisha kila Januari wajumbe wenyewe humteua mmoja wao kuwa meya kwa mwaka huo. Meya wa namna hiyo anaongoza vikao na kupiga kura kama mjumbe mwingine yeyote, basi. Kwa kuwa wewe unaliona jina la mgombea wa umeya kwenye karatasi ya kura, mji wako haumo katika kundi hilo.

Kati ya mifumo inayobaki, nitaje makundi mawili makubwa yaliyotokana na sheria ya mwaka 1950 inayojulikana kwa jina la Faulkner, kwa heshima ya Bayard Faulkner, meya wa zamani wa Montclair aliyeongoza tume iliyoipendekeza. Kundi la kwanza ni miji yenye meya mwenye mamlaka ya utendaji, kama Edison, Woodbridge na Cherry Hill. Kundi la pili ni miji ambayo baraza linaajiri mkurugenzi mtendaji, na huyo ndiye anayeajiri, anayefukuza na anayeandaa bajeti, wakati meya anabaki kuwa mwenyekiti wa baraza na sura ya mji. Teaneck iko hivyo, na meya wake huteuliwa na madiwani wenzake. Montclair nayo iko hivyo, ila meya wake anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu mtu anapiga kura ya meya akidhani anamchagua mtendaji mkuu kumbe mtendaji mkuu hayumo kabisa kwenye karatasi. Fungua kanuni za mji wako, sura za mwanzo, utaona mmo katika kundi lipi. Nusu saa inatosha.

Ikiwa mmo katika kundi la akina Edison, basi meya wenu anachaguliwa kwa miaka minne, anateua wakuu wa idara kwa ridhaa ya baraza, na anaweza kukataa kutia saini sheria ndogo, ingawa theluthi mbili za madiwani wakisimama pamoja wanaipitisha bila yeye. Bajeti inatoka kwake. Baraza linaweza kupunguza fungu lolote kwa wingi wa kawaida wa kura, lakini likitaka kuongeza fungu ni lazima lipate theluthi mbili. Hayo si madaraka madogo.

Sasa tuje kwenye ahadi za kodi. Wastani wa kodi ya majengo kwa mwaka katika jimbo zima ulivuka dola 10,000 mwaka 2024, kwa hiyo sishangai kwamba wagombea wawili kati ya watatu wanaanzia hapo. Hata hivyo, chukua ankara yako uisome mistari yake. Takriban nusu ya fedha inakwenda kwenye shule, sehemu nyingine inakwenda kaunti, na kinachobaki kwa manispaa ni chini kidogo ya theluthi. Meya ana mkono katika kipande hicho cha mwisho tu. Bajeti ya shule inaandaliwa na bodi ya shule, ambayo katika miji mingi inachaguliwa na wananchi kwa kura yake yenyewe, na kiwango cha kaunti kinapangwa na makamishna wa kaunti. Mgombea huru anayeahidi kupunguza kodi na kuinua shule kwa mkono mmoja ama hajui mipaka ya kiti anachokitaka, ama anajua na anategemea kwamba wewe hujui. Mwulize kwa upole ili ujue ni lipi kati ya hayo mawili.

Na huyo meya anayejisifu kwa asilimia 2, naye usimwache hivi hivi. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2010, manispaa hairuhusiwi kuongeza makusanyo ya kodi ya majengo kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, isipokuwa kwa mambo yaliyotengwa, kama vile malipo ya madeni, baadhi ya ongezeko la gharama za pensheni na bima ya afya, na dharura. Kujisifu kwa hilo ni sawa na dereva anayejisifu kwamba alisimama taa ilipokuwa nyekundu. Swali la maana kwake ni kama mji umekopa kiasi gani wakati huo kodi ikiwa imetulia, kwa kuwa deni ni kodi iliyoahirishwa.

Mama wa Watatu amejibu:

Nakubaliana na Mzee Karani, ila kuna njia nyingine ya kuifanya kodi ionekane imetulia, nayo inawagusa wazazi kuliko deni. Ni yale makubaliano ya malipo mbadala wa kodi ambayo manispaa inaingia na waendelezaji wa majengo makubwa. Badala ya kulipa kodi ya kawaida ya jengo, mwenye mradi analipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kwa muda unaoweza kufika miaka 30. Kwa mikataba hiyo ya muda mrefu, asilimia 95 ya malipo inabaki manispaa na asilimia 5 inakwenda kaunti. Shule hazimo katika mgawo huo.

Hebu fikiria maana yake. Jengo la vyumba mia mbili linaweza kuleta watoto katika shule zetu, nayo bodi ya shule haipati fungu lake kutoka kwenye malipo hayo, hivyo wenye nyumba wengine ndio wanaobeba mzigo kupitia ule mstari wa shule ambao meya atakwambia, kwa haki kabisa, kwamba haumhusu. Meya anaonekana mwangalifu na bodi ya shule inaonekana badhirifu, ingawa uamuzi uliosababisha yote mawili ulitoka ofisi moja. Katika mji ninakoishi jambo hili lilijadiliwa usiku mmoja tu, katika kikao tulichohudhuria watu tisa, na nilijua kilichopitishwa baada ya miaka miwili.

Sisemi kwamba makubaliano hayo ni mabaya siku zote. Kiwanda kilichokufa na kuacha udongo wenye sumu hakipati mwendelezaji kwa urahisi, na pengine bila punguzo hilo kingekaa hivyo hivyo kizazi kizima. Lakini Ndugu Mkazi, ukikutana na meya wako mwulize ameingia makubaliano mangapi, yanakwisha mwaka gani, na kama mji unazigawia shule chochote kwa hiari yake, kwa maana sheria haiukatazi kufanya hivyo. Madiwani waliopiga kura za ndiyo nao waulizwe, akiwemo huyo mama mfasaha ikiwa alikuwepo.

Msanifu wa Majengo amejibu:

Kazi yangu inanipeleka mbele ya bodi za mipango miji mara kadhaa kwa mwezi, kwa hiyo niseme kuhusu ahadi ya "hakuna ghorofa hata moja", na baadaye nimpinge Mzee Karani kidogo, kwa ruhusa yake.

Ahadi hiyo haitekelezeki katika jimbo hili, na diwani aliyekaa barazani lazima anajua. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya New Jersey, katika kesi iliyouhusu mji wa Mount Laurel, iliamua kwamba miji inayokua haiwezi kutumia mipango ya matumizi ya ardhi kuwafungia nje watu wa kipato cha chini na cha kati, bali kila mmoja una wajibu wa kubeba sehemu yake ya haki ya nyumba za bei nafuu. Miji mingi ilipuuza, na mwaka 1983 mahakama hiyo hiyo ikatoa uamuzi wa pili wenye meno: mwendelezaji anaweza kuushtaki mji usiotimiza wajibu, na akishinda, akapewa kibali cha kujenga msongamano mkubwa kuliko mji ulivyotaka, mradi sehemu ya nyumba hizo iwe ya bei nafuu. Kwa hiyo meya anayekataa kila kitu hazuii ujenzi. Anachofanya ni kuhamisha uamuzi kutoka bodi ya mji kwenda kwa jaji.

Sheria mpya ya Machi 2024 imeweka ratiba. Miji ilitakiwa kupitisha azimio la idadi ya nyumba zake za bei nafuu kufikia tarehe 31 Januari 2025, na mpango wa utekelezaji kufikia tarehe 30 Juni mwaka huo, kwa ajili ya kipindi cha miaka kumi kilichoanza Julai 2025. Azimio la mji wako ni waraka wa umma. Lisome, kisha utazame huyo diwani alipiga kura gani siku lilipopitishwa. Ubishi wa kweli uliobaki ni wa mahali na umbo, yaani nyumba hizo zijengwe karibu na kituo cha treni au kwenye mashamba ya mwisho yaliyobaki, ziwe za ghorofa ngapi, na maji ya mvua yaelekezwe wapi. Mgombea mwenye majibu ya maswali hayo ana kitu kichwani.

Ninapompinga Mzee Karani ni hapa. Amelipima kiti kwa yaliyoandikwa kwenye sura za mwanzo za kanuni, na mtu akisoma maelezo yake atadhani meya wa mfumo wa kamati, yule wa kuteuliwa na wenzake kila Januari, hana kitu mkononi. Sivyo. Kwa sheria ya jimbo ya matumizi ya ardhi, meya mwenyewe ni mjumbe wa bodi ya mipango miji, na katika mifumo mingi ndiye anayewateua raia wengi wanaokaa kwenye bodi hiyo. Wateule hao wanaendelea kukaa hata baada ya yeye kuondoka. Nimeona meya asiye na mshahara wa maana, asiye na hata chumba cha ofisi, akiubadilisha mji kwa miaka ishirini kwa sababu tu aliwateua watu watano wenye mawazo yake. Mwulize kila mgombea atawateua watu wa namna gani kwenye bodi hiyo, kisha ukae kimya usikilize. Swali hilo huwa hawajaliandalia jibu.

Tena, fedha za kampeni. Jimbo lina tume ya kusimamia sheria za uchaguzi, iliyoanzishwa mwaka 1973, na wagombea wanawasilisha kwake taarifa za michango siku 29 kabla ya uchaguzi, siku 11 kabla yake, na siku 20 baada yake. Taarifa ziko wazi kwenye tovuti ya tume. Ukiona kampuni za uhandisi, za mawakili na za ukaguzi wa hesabu zimejipanga nyuma ya mgombea mmoja, si lazima kuwe na ubaya wowote, lakini hizo ndizo kazi ambazo miji midogo hutoa kwa mikataba kila mwaka.

Karani Mstaafu amejibu:

Nakubali kusahihishwa kuhusu bodi ya mipango miji. Niliapisha wajumbe wake kila Januari kwa miaka yote hiyo, na bado nimeisahau.

Mkazi wa Viungani ameandika tena:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili na shukrani nyingi. Nimesoma kanuni: mji wetu una meya mtendaji na baraza la madiwani saba. Nimesoma pia azimio la Januari 2025, na yule diwani wa "hakuna ghorofa" alipiga kura ya ndiyo.

Juzi kulikuwa na mdahalo maktabani, nikapata nafasi ya kuuliza. Nilimwuliza meya kuhusu makubaliano ya malipo mbadala, naye alitaja idadi yake na miaka ya kwisha bila kutazama karatasi, akakiri kwamba shule hazipati chochote, akasema hilo halijabadilika kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Sijui kama jibu hilo linanifurahisha au linaniudhi. Diwani, nilipomtajia kura yake, alilegeza kauli mbele ya watu wote, akasema maana yake ni kwamba hataruhusu idadi izidi ile tuliyokubali, na kwamba angependa nyumba hizo zijengwe kwenye maegesho yasiyotumika karibu na kituo cha treni. Niseme ukweli, mpango huo wa maegesho ulikuwa wa maana kuliko vipeperushi vyake vyote, na sielewi kwa nini ameuficha.

Mgombea huru alinishangaza. Nilimwuliza atazisaidiaje shule ilhali bajeti ya shule haimo mikononi mwa meya, akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa hajalijua hilo hadi wiki iliyopita na kwamba vipeperushi vilikwisha chapishwa. Watu walicheka, na baadhi walimpigia makofi. Nampenda kwa unyoofu huo, ila kumkabidhi bajeti ya mji mtu aliyejifunza mwezi mmoja kabla ya uchaguzi ni jambo jingine.

Kwa swali la wateule wa bodi ya mipango miji, Msanifu ulisema kweli. Wawili walizunguka mbuyu, na diwani peke yake ndiye aliyesema angetaka awemo angalau mpangaji mmoja, kwa kuwa wajumbe wote wa sasa ni wenye nyumba. Kwa sasa nimebaki kati ya meya na diwani, nikisubiri taarifa ya michango ya siku ya 11.

Karani Mstaafu amejibu:

Umefanya kazi kubwa kuliko wapiga kura wengi niliowahi kuwahudumia. Nikuongezee jambo moja tu ambalo hukulitaja: geuza karatasi ya kura ya mfano uliyotumiwa kwa posta utazame viti vya udiwani. Katika baraza la watu saba, theluthi mbili ni watano, kwa hiyo meya mwenye madiwani watatu nyuma yake hawezi kuvunjiwa uamuzi wake wa kukataa sheria ndogo, wala baraza haliwezi kumwongezea fungu asilolitaka kwenye bajeti. Ikiwa viti vitatu vinagombewa mwaka huu, hao nao walistahili kuulizwa maktabani. Piga simu ofisi ya karani uulize kama wana mdahalo wao; mara nyingi huwa upo, na mara nyingi viti vya wasikilizaji huwa vitupu.

Mkazi wa Viungani ameandika tena:

Upo, Alhamisi saa moja jioni. Viti ni vitatu na wagombea ni saba. Nitakwenda na ankara yangu ya kodi mfukoni.